Kipimo Nilichochimbiwa

Kwetu Kanyangi Jumatano ilikuwa siku ya mwethya, na siku hiyo jua halikumkuta mwanamke kitandani ila awe mgonjwa au amejifungua. Mwethya ni kazi ya pamoja. Wiki hii tunachimba mitaro ya shamba lako, wiki ijayo ya jirani, hakuna anayelipwa na hakuna anayeachwa nyuma. Miaka ninayoisimulia tulikuwa tunachimba silanga, yaani bwawa la udongo la kukinga maji ya mvua, maana mto wetu ni mchanga mtupu na maji yake lazima uyafukue.

Kila nyumba ilitoa mwanamke mmoja. Mwenyekiti wa komiti alikuja na kamba ya katani na vigingi, akampimia kila mtu sehemu yake ya kuchimba, na sehemu hiyo tuliita kipimo. Kazi ikishika moto, ngui alianza. Ngui ni mwimbishaji, na wetu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bonde. Wimbo wake ulitembea kigingi kwa kigingi ukimwita kila mwanamke kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama fulani, udongo juu. Mama fulani, maji yanakuja. Ukiitwa unaitikia, unarusha udongo, wenzako wanacheka, hata mgongo unasahau kwamba unauma.

Mimi niliitwa mama wa kaka yangu mwenyewe. Kipimo kilikuwa cha mama, nyonga zake zilikuwa zimekwisha, nami nilichimba badala yake. Kwa hiyo wimbo ulipofika kwangu ulimtaja kaka, mtoto wa kwanza wa mama, na mimi mwanamke wa miaka thelathini na kitu nikaitikia. Watu walizoea. Mimi sikuzoea.

Nilikuwa nimeolewa Tawa, Uhuru haujafikisha miaka mitatu. Nilikaa huko miaka saba na sikupata mtoto. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya unamlaumu unapumua. Alianza tu kuniangalia kidogo kidogo, halafu akaacha kuniangalia. Mama mkwe akasema nioe msichana wa kunizalia, kama desturi yetu inavyoruhusu, watoto wahesabiwe wa nyumba yangu. Nilikataa. Nilimwambia sitaki kuazima tumbo la mtu. Mdomo wangu haukuwa na mlango siku hizo, na hata sasa mlango wenyewe haufungi vizuri.

Basi nikabeba sanduku langu. Nyumbani niliona haya kurudi, nikaenda Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, nikauza chai na mandazi kwa madereva wa malori miaka minne. Kiswahili changu nilikiokota hapo. Madereva hawakuniuliza mtoto wangu anaitwa nani, waliniuliza mbona chai imepoa. Nilipumzika kidogo. Lakini kila jioni nikifunga kibanda nilijiuliza, sasa mimi ni wa nani? Habari iliponifikia kwamba mama hawezi tena kuinama, nilirudi Kanyangi na sanduku lilelile.

Mama alikufa wakati wa kuvuna mbaazi. Jumatano iliyofuata nilishika jembe kama kawaida, nikamkuta wifi yangu, mke wa kaka, ameshika lake mlangoni. Alitangulia. Boma lilikuwa lake sasa na kipimo cha boma kilikuwa chake. Nilimfuata nyuma mpaka silangani, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Nipimie na mimi," nikamwambia.

Mwenyekiti alimtazama ngui. Kwa komiti alikuwa hana cheo, lakini hakuna jambo lililopita bila yeye.

"Kipimo ni cha nyumba," ngui akasema. "Wewe nyumba yako ni gani?"

"Si nalala nyumba ya mama?"

"Ya mama yako sasa ni ya wifi yako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba duka limefungwa. Wanawake wengine waliinamia majembe yao. Nikajibu, "Haya. Siku mtakapokunywa maji ya hapa, mimi mnipe kwa kijiko." Nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia wimbo ukianza. Ulikwenda kigingi kwa kigingi mpaka mwisho wa mstari na haukukosa mtu.

Nataka nieleweke hapa. Kuchimba silanga ni kazi ya kuvunja mifupa. Hakuna mtu mwenye akili zake anayelilia kipimo. Na maji wifi angenipa, hakuwa mchoyo. Mimi nilichokuwa nataka ni kigingi. Nilitaka mtu atembee na ile kamba, afike nilipo, asimame, aseme, hapa ni pa huyu.

Nilianza kwenda kanisani kwa hasira. Najua wengine huenda kwa kiu ya neno, au kwa machozi, lakini mimi nilikwenda kama mtu anayekata rufaa. Kanisa letu lilikuwa la matofali mabichi na mabati, juu ya kilima, na Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la mwisho. Ya pili nilifika mapema nikafagia. Ya tatu nilifagia, nikapanguza mabenchi, nikaleta debe la maji ya wachungaji kunawa. Nilijiambia, hawa watu wamenikataa, lakini Mungu nitamfanyia kazi mpaka aone haya kunikataa.

Nikajiandikisha kilasi cha ubatizo. Kilikuwa kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na mwalimu wetu alikuwa mzee wa kanisa mmoja aliyefanya kazi reli zamani, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitufundisha kuanzia uumbaji. Wenzangu walikuwa wasichana na vijana waliotaka kufunga ndoa kanisani. Mimi nilikuwa mkubwa wao wote, nilijua majibu kuliko wao, na nilihakikisha wamejua kwamba najua.

Hapo ndipo nilipofanya lile kosa.

Tawa, nilikoolewa, mke mdogo akitaka kumpendeza mama mkwe huamka mapema siku ya mwethya akachimba kipimo cha mama mkwe chote kabla ya watu kufika. Jioni husifiwa kijiji kizima. Nami nilitoka Kanyangi nikiwa msichana, na wasichana hawaendi mwethya, kwa hiyo mila za jembe nilifundishwa Tawa, na za kwetu sikuziuliza niliporudi. Nikafikiri, huyu ngui nitamshinda kwa wema. Jumatano alfajiri, nyota hazijaisha, nilikuwa silangani. Nilichimba kipimo chake chote. Nilisawazisha kingo kwa mkono. Kilikuwa kizuri jamani, hata leo nakiona. Jua lilipotoka nilikaa pembeni na jembe langu magotini, nikingoja kushukuriwa.

Walikuja kwa kundi wakicheka. Ngui alikuwa mbele. Alipokiona kipimo chake alisimama, na jembe likamponyoka begani.

"Nani amekufa kwangu?" akasema.

Kucheka kulikatika. Akawageukia wenzake mmoja mmoja, macho yamemtoka. "Niambieni. Ni yule wa Mombasa? Nani amekufa?"

Kwetu Kanyangi kipimo cha mtu hakiguswi na mtu wa nyumba nyingine. Kinachimbwa na wenzako kwa sababu mbili tu: umejifungua, au umefiwa. Mama huyu alikuwa amepita umri wa kuzaa, na mtoto wake wa kwanza alikuwa bandarini Mombasa na kwa muda mrefu hakuwa ameandika barua. Alidhani simu ya maandishi imefika sokoni, wenzake wameficha, wameamua kumwambia kwa jembe.

Nilisimama nikasema ni mimi, nilitaka tu kumsaidia. Sijui kama alinisikia. Alikaa chini palepale kwenye udongo niliousawazisha, akafunika uso na leso, na wanawake wakamzunguka. Wifi yangu alinishika mkono kwa nguvu akanitoa pale. Njiani aliniuliza swali moja tu. "Wewe unatafuta nini hasa?" Nikamwambia aniache. Komiti ilikaa wiki hiyo ikaamua nisikanyage silanga tena. Hata mimi ningekuwa komiti ningeamua hivyo.

Ungetegemea nijifunze. Mimi niliongeza kazi kanisani. Nilikandika ukuta wa nyuma, nikapanda michongoma kuzunguka uwanja, nikawa nafika kabla ya mwenye ufunguo. Siku ya mtihani wa ubatizo nilivaa rinda langu la samawati, nikaingia chumba cha maombi nikiwa na hakika. Mchungaji alikuwepo, na wazee watatu, na mwandishi na daftari lake. Aliyeuliza alikuwa yule mzee wa reli.

"Mungu anakupenda?"

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

Nikamweleza. Nilianza na kufagia, nikaja kwa maji, ukuta, michongoma. Nilitaja pia kwamba sijakosa kilasi hata siku moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akavua ile miwani.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikaa reli miaka ishirini. Hiyo ni barua ya kuomba kazi. Barua za namna hiyo nazijua. Sasa nakuuliza, umefanya nini hata Mungu akupende?"

"Si ndiyo nimekuambia?"

"Rudi mwaka ujao."

Wale wasichana wa kilasi walipita wote. Mmoja hakujua hata majina ya wanafunzi wa Bwana, alitaja watano akaanza kulia, akapita. Mimi nilitoka nje nikashuka kilima nikisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kama kungekuwa na kanisa lingine karibu ningehamia siku hiyohiyo.

Halafu mvua ikakataa. Ilikuwa ile njaa ambayo Wakamba waliiita nakufa nimeshika, kwa sababu mtu aliweza kushika noti mkononi na dukani hakuna unga wa kununua. Ng'ombe waliuzwa wakiwa wamesimama kwa kuegemezana. Serikali ikaleta mahindi ya njano, yakawa yanagawiwa kwa wanaochimba silanga, kila kipimo na vikombe vyake kadhaa. Kwa hiyo nikawa sasa nakula kwa jasho la wifi.

Maji yalibaki mtoni tu, chini ya mchanga, kwenye mashimo yaliyofika kina cha mtu mzima. Nilichota ya nyumbani, nikachota ya kanisa, na mchana mmoja nikarudi mara ya tatu kwa sababu nilisikia mchungaji ana wageni. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimeinama ndani ya shimo nikijaza jerikeni kwa kata, na ukuta wa mchanga ukaanguka. Haukunifunika wote, namshukuru Mungu, ulinifikia kiunoni. Lakini kulikuwa na jiwe ndani yake. Niliusikia mguu ukivunjika kabla sijausikia ukiuma.

Hospitali ya misheni walinitia plasta kutoka nyayo hadi paja, wakaniambia miezi mitatu, usikanyage. Nikalazwa katika nyumba ya mama, kwenye kitanda cha kamba, mlango ukitazama bonde. Mimi ambaye sikuwahi kukaa chini hata kula.

Wifi aliniogesha. Nataka niseme hilo wazi kwa sababu nilikuwa nimemhesabia makosa kwa miaka, na nilikuwa nayo yote kichwani, toka la kipimo mpaka la sufuria ya mama aliyoichukua. Asubuhi alikuja na maji kidogo kwenye karai, kikombe kimoja hivi, akanipangusa mgongo, akaniinua nikajisaidia, akaenda kumwaga. Nilitazama ukuta. Mchana alileta muthokoi, yaani yale mahindi ya njano yaliyokobolewa kinuni, na kunde chache, sahani yangu sawasawa na yake.

"Peleka," nilimwambia siku ya kwanza. "Mimi sijafanya kazi."

"Kwani ni tumbo limevunjika?" akasema. "Kula."

Wiki ya kwanza nilikasirika. Ya pili nililia sana, kilio cha kuuma blanketi watoto wa kaka wasisikie. Nilikuwa nimeona mahali nilipofika. Mtoto sina. Mume sina. Mama amekufa. Kipimo sina, ubatizo nimeshindwa, na sasa hata ufagio siwezi kushika. Vyote nilivyokuwa nikimwonyesha Mungu vilikuwa vimebaki kwenye lile shimo pamoja na jerikeni.

Jumatano moja mchana nikasikia wimbo. Upepo ulitoka upande wa silanga na sauti ya ngui ilifika kitandani wazi kabisa. Mama fulani, udongo juu. Nilizijua nafasi zote. Nilijua baada ya nani anakuja nani, nikawa nafuata kigingi kwa kigingi mpaka ukafika kwa wifi, ukaendelea. Nikasema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu, "Mungu, leo sina kitu. Sijafagia. Sijachota. Kama ulikuwa unanitaka kwa ajili ya maji, basi mimi nimeisha, tafuta mwingine."

Sikusikia sauti, wala sikuona mwanga, na watu wanaoona mwanga siwapingi. Kuku wa wifi aliingia, akazunguka chumba, akatoka. Lakini nikiwa pale nimelala nikakumbuka kilasi, lile somo la kwanza kabisa ambalo nililijibu haraka kuliko wote bila kulisikiliza. Mtu aliumbwa mwisho, kazi ikiwa inaelekea kuisha. Kesho yake ilikuwa siku ya kupumzika. Nikahesabu tena kwa vidole. Kumbe siku yake ya kwanza nzima duniani yule mtu hakushika jembe. Alikuwa hajapanda hata mbegu moja, na Mungu alikuwa ameshamtazama na kusema ni vyema sana.

Mimi ni mtu wa jembe, jambo kama hilo linaniingia. Nililigeuza siku nzima. Nikaona kwamba miaka yote nimekuwa nikitaka kuanzia Jumatatu, siku ya jembe, bila kupitia ile ya kupumzika. Na hapo ndani yangu kitu kikalegea, kama unapotua mzigo wa kuni na shingo inabaki bado imekaza, kisha polepole inarudi. Nilikubali kupendwa vile nilivyo, na plasta yangu, na harufu yangu. Nililia tena, lakini sikuuma blanketi. Wifi alipoleta chakula jioni nilikula chote nikamwambia asante, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nilimwomba amwite ngui. Alikuja siku ya tatu, akabaki amesimama mlangoni na kibuyu cha uji mkononi. Nilikuwa nimewahi kumwomba msamaha mara moja, sokoni, lakini ule ulikuwa msamaha wa kujitetea, nusu yake nilieleza mila za Tawa.

"Mwaitu," nikamwambia, na hilo ndilo neno letu la heshima kwa mama, "nilikuogofya na mtoto wako. Nilikuwa nataka unione, ndiyo maana. Nisamehe."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Siku ile nilimzika," akasema. "Kabla hujafungua mdomo nilikuwa nimeshamzika, nimeshachagua na mahali." Kisha akasema kijana alikuja Krismasi, mnene, amefuga ndevu. Tukacheka kidogo. Akanimiminia uji, akanitazama nikinywa.

"Na kile kipimo ulichokuwa unataka?" akauliza.

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kitu ambacho hakikuwa kawaida yangu. Nikamwambia ningali nakipenda, lakini hata nikikikosa sasa naweza kulala. Alichukua kibuyu chake akaenda.

Plasta ilitolewa mawingu yakianza kukusanyika. Mguu ulitoka mwembamba, una magamba, nikawa natembea na fimbo. Jumatano iliyofuata wifi aliniambia nivae, twende silangani. Nikamkumbusha komiti ilivyosema. Akasema, "Vaa, bwana, mbona unapenda kesi."

Tulikwenda polepole. Silanga ilikuwa karibu kuisha, shimo kubwa lenye ukingo mrefu kuliko nyumba, na chini kabisa mstari wa mwisho wa vigingi. Wanawake walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye kipimo chake, majembe chini. Kati ya kipimo cha wifi na cha ngui palikuwa na kimoja kisicho na mtu. Kilikuwa kimechimbwa tayari, hadi chini, kingo zimesawazishwa kwa mkono.

"Ni cha nani hiki?" nikauliza. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka kwenye mguu mbovu.

"Ni cha mtu aliyevunjika mguu," ngui akasema. "Tumekichimba kwa zamu, Jumatano nne."

Nilimwambia kipimo hakichimbwi na wengine ila kwa sababu mbili. Hiyo sasa nilikuwa naijua vizuri.

"Tumeongeza ya tatu," akasema. "Haya, simama kwako."

Nikashuka nikasimama. Mwenyekiti alinionyesha kigingi, kipya, cha mti wa mwaa, kimechongwa ncha. Halafu ngui akainua wimbo. Ulianza mwisho wa mstari ukaja, mama fulani, mama fulani, ukafika kwa wifi, akaitikia. Nikainamisha kichwa kwa mazoea, ili upite. Haukupita. Aliniita kwa jina langu, lile nililopewa la bibi mzaa baba, jina tupu bila mama mbele yake wala mtoto nyuma yake. Nilikuwa sina jembe. Nilichukua udongo kwa mkono nikaurusha juu, ukatuangukia mimi na wifi kichwani.

Mwezi huohuo nilirudi kwenye chumba cha maombi. Wazee walewale, daftari lilelile, ile miwani sasa imefungwa kwa waya.

"Mungu anakupenda?" mzee akauliza.

"Ananipenda."

"Umefanya nini hata akupende?"

"Nilikuwa nimelala kitandani," nikasema. "Mguu umevunjika."

Wale wengine walingoja aendelee, kwa sababu maswali yalikuwa mengi, yale ya majina na ya amri. Hakuendelea. Alimgeukia mwandishi akamwambia, andika jina lake.

Mvua ilinyesha siku kumi na moja. Kanisa letu huzamisha mtu mzima mzima, na tangu zamani tulikuwa tukienda mbali kutafuta maji ya kutosha. Mwaka huo tulibatizwa silangani. Niliacha fimbo kwa wifi ukingoni nikaingia, maji mekundu ya udongo, baridi, yakinifika kifuani. Mchungaji alinishika bega akaniuliza kama niko tayari. Nilimwomba angoje kidogo. Nilikuwa napima kwa macho, kutoka kwenye lile jiwe la ukingoni mwenyekiti alipoanzia kamba yake, kuja kulia, kipimo cha ngui, kisha kile kinachofuata. Nikasogea hatua mbili upande, mpaka nikausikia ule ukingo chini ya nyayo zangu, bado uko sawasawa kama walivyousawazisha. Hapo nikamwambia niko tayari.